Kura ya Kitanda cha Tisa

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za chumba cha mazoezi. Sista wa zamu alizipokea, akanipa daftari nitie sahihi, akaniuliza kama kuna kitu changu nimesahau. Mkononi nilikuwa na mfuko wenye vitu vitatu: kipima pembe cha bati, kipande cha penseli chenye kamba, na mkebe wa kakao usio na kifuniko. Nikamwambia sijasahau kitu.

Ninyi vijana mliobaki mmekuwa mkiniomba kwenye simu niwaandikie jinsi ya kuwapima wanafunzi wa fiziotherapia wanaoletwa hospitalini kwetu Tororo kwa mafunzo ya vitendo. Nitawaandikia. Mambo ya vyeo nitayaruka, kwa sababu nilipata viwili tu, na cha pili kilikuja na meza iliyovunjika mguu, nikaifunga bandeji mwenyewe. Nitawaeleza habari za ule mkebe. Mmeuona kwenye rafu yangu miaka yote na hakuna aliyewahi kuniuliza mbona haufanyi kazi.

Siku yangu ya kwanza kazini sikumshika mgonjwa yeyote. Nilishikwa mimi. Aliyenipokea ni Bwana Owor, mkuu wa kitengo chetu wakati huo, mtu mrefu, mkavu wa maneno, ambaye penseli yake ilining'inia kwenye kifungo cha koti. Aliniambia nivue viatu, nilale kitandani, nijifanye upande wangu wa kulia umekufa. Kisha akamwita mhudumu wa wadi, jamaa mmoja mwenye mabega mapana, akamwambia anitoe kitandani aniweke kwenye kiti. Jamaa akaniingiza mikono kwapani akaninyanyua mzima mzima. Nilipiga kelele mpaka wagonjwa wa dirishani wakacheka.

"Umesikia nini?" Bwana Owor akaniuliza nilipokaa.

"Kwapa inauma."

"Hiyo ni kidogo. Ingine?"

Nikafikiri. "Hajaniambia anataka kufanya nini."

Akaandika kitu kwenye kijitabu chake. "Basi. Sasa unaweza vaa koti."

Yeye ndiye aliyenifundisha kupima wanafunzi. Fomu yenyewe mnaijua. Ina mistari mingi: namna mwanafunzi anavyomhoji mgonjwa, anavyomkagua, anavyopanga matibabu, mikono yake ilivyo, kumbukumbu anazoandika. Kila mstari una alama moja hadi tano. Mstari wa usalama peke yake una visanduku viwili, ndiyo na hapana. Ukiweka alama kwenye hapana, mwanafunzi ameanguka fomu nzima, hata kama kwingine kote amepata tano. Bwana Owor alikuwa akiijaza fomu yote kwa penseli siku ya mtihani, anaifungia kabatini, na kesho yake baada ya chai ndipo anapitisha wino. Mara nyingi alifuta. Nilimuuliza kwa nini anajipa kazi mara mbili.

"Leo uko na hasira ama uko na huruma," akasema. "Yote mbili haioni vizuri."

Alipostaafu aliniachia penseli. Alipokufa niliikata kamba ya zamani nikatia mpya, na nikaendelea kufanya kama yeye.

Nimewapima wanafunzi wengi. Wako walionichekesha. Mmoja alimnyoosha mgonjwa viungo kwa ustadi ambao sijauona tena, polepole, mikono imekaa mahali pake, sauti ya upole, kila kitu kama kitabu kinavyosema, ila alikuwa ameshika mguu ule mzima, si ule mgonjwa. Mgonjwa naye alikuwa mtu mwenye adabu, hakutaka kumkatiza. Nilimpa alama kamili za mikono, nikamnyima za mguu. Mwingine alihesabu kwa Kiingereza, moja mpaka kumi, mbele ya bibi mmoja wa kijiji cha Mella asiyejua Kiingereza hata cha salamu. Kila akifika kumi bibi aliitikia amina. Wote wawili sasa ni wataalamu wazuri, nisiwaseme zaidi.

Mkebe ulianza kwa ajili ya malalamiko. Zamani mwalimu wa chuo ndiye aliyechagua mgonjwa wa mtihani, na ilionekana kuwa wanafunzi wengine kila mwaka wanapata wagonjwa wepesi: kifundo kilichoteguka, kiwiko kilichotoka plasta. Wengine wanapewa kiharusi. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa ndugu wa mwalimu, na minong'ono ikawa mingi. Nikachukua mkebe wa kakao, nikaandika namba za vitanda kwenye vikaratasi, nikavikunja. Asubuhi ya mtihani kila mwanafunzi aliingiza mkono akachukua kimoja. Nikaweka sheria tatu. Kura haibadilishwi. Hakuna kuongea kando na msahihishaji siku ya mtihani. Ndugu wanaomuuguza mgonjwa watoke nje, wasije wakamnong'oneza mwanafunzi majibu. Malalamiko yalikoma. Niliupenda mkebe ule kuliko vyeti vyangu vyote, nasema kweli, maana vyeti nilipewa na watu, na haki ile niliitengeneza mwenyewe.

Wandera alikuja katika kundi la wanafunzi sita. Alikuwa Msamia wa Busia, upande wa Kenya, mwembamba, mwenye viganja vikubwa kuliko mwili wake. Wiki ya kwanza nilimpa mwendesha boda boda aliyevunjika paja, ambaye plasta ilikuwa imetoka na goti limekataa kukunjika. Yule jamaa alikuwa akipiga kelele kila akishikwa. Wandera alimpeleka nje polepole kwa magongo hadi zilipoegeshwa pikipiki, akaomba moja iliyozimwa, akamkalisha juu yake. "Weka mguu kwa gia, kaka," akamwambia. "Hiyo tu." Jamaa akajitahidi kuufikisha mguu kwenye gia, na goti likakunjika zaidi ya lilivyowahi kukunjika kitandani, bila kelele. Niliandika tano kwa penseli, na kesho yake nikapitisha wino bila kufuta.

Kwa hiyo siku ya mtihani nilimtazamia mema. Ilikuwa Jumanne. Alikuwa wa nne kwenye foleni. Aliingiza mkono, akafungua kikaratasi: kitanda cha tisa, wadi ya wanawake. Hapo alikuwa mama mmoja wa Lumino aliyeletwa Ijumaa kwa kiharusi. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelegea, lakini akili yake ilikuwa timamu na maneno yalitoka vizuri. Tulimwita Mama Nabwire, kwa jina la binti yake aliyekuwa akimuuguza. Kazi ya mtihani ilikuwa kumtoa kitandani na kumhamishia kwenye kiti.

Wandera alisoma faili, akarudi kwangu na uso umebadilika.

"Madam, naomba kitanda kingine."

Nimesikia maneno hayo kwa wanafunzi wengi. Kiharusi kinawaogopesha, ni kizito, na kila mtu anataka kifundo kilichoteguka. "Kura haibadilishwi," nikamwambia.

"Basi naomba tuongee kando. Dakika moja tu."

"Siku ya mtihani hakuna kando, Wandera. Unajua."

Wenzake walikuwa nyuma yake wakisikiliza. Alitazama vitanda, akatazama chini. Mimi nilitazama saa. Nawaambia hivi ili mjue kwamba sikuwa na haraka yoyote ya maana. Kulikuwa na chai ikinisubiri.

Tukaingia. Nabwire nilikuwa nimeshamtoa nje pamoja na wauguzaji wengine. Wandera alisimama miguuni pa kitanda, akamsalimia mama kutoka pale pale, macho sakafuni. Mama aliposikia sauti yake aligeuza uso ukutani, akavuta leso kwa mkono wake mzima akajifunika kichwa. Nikaandika: "Hamtazami mgonjwa." Chini yake nikaandika: "Mgonjwa hana ushirikiano." Ndivyo nilivyoandika, na fomu hiyo ninayo nakala yake.

Kisha akaanza kumwelekeza kwa Kisamia, bila kumgusa. Alimwambia akunje goti la upande mzima, ashike ukingo wa godoro, ajiviringishe, asukume kwa kiwiko. Alimwambia taratibu, akangoja, akamwambia tena. Na yule mama, akiwa bado na leso usoni, akajiviringisha, akainuka, akakaa ukingoni mwa kitanda peke yake, siku ya tano ya kiharusi. Sijawahi kuona mtu akimkalisha mgonjwa kwa sauti tu. Hilo sikuliandika popote.

"Mfunge mkanda," nikasema. Ule mkanda mpana wa turubai tunaomfunga mgonjwa kiunoni ili tumshike vizuri anaposimama.

Wandera aliuchukua. Ili kuufunga ni lazima umzungushie mgonjwa mikono yako miwili. Alisimama nao, kisha akaninyooshea mimi. "Madam, nisaidie kufunga."

"Msahihishaji hagusi mgonjwa."

Akauweka mkanda juu ya shuka. Mama aliona. Leso ilikuwa imeteleza na niliuona uso wake, anatazama ule mkanda, anatazama miguu ya Wandera. Kisha akaweka mkono wake mzima kwenye godoro, akajisukuma, akasimama peke yake.

Goti la kushoto lilikubali kidogo, likakataa. Wandera alikuwa hatua moja kutoka kwake. Mikono yake ilitoka mbele, ikasimama hewani. Nimeihesabu mara nyingi tangu siku ile: moja, mbili. Mimi nilikuwa hatua tatu, nimekumbatia ubao wa fomu. Mama alianguka kwa upande ule uliolegea, na nyonga yake ikapiga sakafu.

Hapo ndipo Wandera alipomshika. Alipiga magoti, akaingiza mikono yote miwili chini yake, akamnyanyua peke yake kama inavyotakiwa, akamlaza kitandani. Mama alijifunika uso akalia kilio kirefu. Nilidhani ni maumivu tu. Wandera alitoka nje akaenda kunawa mikono bombani, akanawa muda mrefu mno.

Picha ilionyesha fupa la paja limevunjika karibu na nyonga. Sista mkuu alitaka ripoti kabla ya mchana. Penseli ya Bwana Owor ilikuwa shingoni kwangu. Nilichukua kalamu ya Sista, nikajaza kisanduku cha hapana kwenye usalama, nikaandika: "Mwanafunzi alisita, mgonjwa akaanguka." Mwalimu wa chuo aliondoka na fomu jioni hiyo hiyo. Sikuifungia kabatini.

Alhamisi Nabwire alikuja chumba cha mazoezi. Nilimvutia kiti, hakukaa.

"Madam, unajua ule kijana ni nani kwa mama?"

"Mwanafunzi wetu."

"Ni mkwe yake. Alikuja kwetu na wazee yake, wamekula kwetu, imekubaliwa. Mimi ndio nilikuwa naolewa na yeye." Alisema bila hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Jumatatu alimletea mama maziwa. Alisimama kwa mlango, akanituma mimi."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuomba kando, Madam. Angesema mbele ya watu, na mama analala pale nusu uchi? Hiyo ni kumvua." Akafuta pua kwa kitambaa. "Na mama aliona ule kijana atashindwa mtihani sababu yake. Ndio akasimama peke yake. Alitaka kumtoa kwa aibu."

Msije mkadhani mimi ni mgeni wa mambo haya. Nimezaliwa Mella. Niliishi na baba mkwe wangu boma moja miaka kumi na moja, na siku zote hizo sikuwahi kumpa mkono. Chakula chake nilikiweka mahali, nikaondoka, ndipo akaja. Alipougua sikuingia chumbani kwake. Na kwa kina Wandera mwiko wa mkwe na mama mkwe ni mkali kuliko kwetu. Kama angekuja mtu shambani kwangu akaniambia mkwe ameambiwa amkumbatie mama mkwe wake mbele ya watu, ningeshika kichwa. Hospitalini haikunipitia hata akilini. Nikishavaa koti jeupe nilidhani kila anayelala kitandani ni mgonjwa, basi.

Chuo kiliwapa wanafunzi siku kumi na nne za kukata rufaa, na barua ya msahihishaji ingeweza kufungua shauri upya. Nilikuwa na karatasi. Nilikuwa na kalamu. Kila jioni nilijiambia nitaandika kesho, na nilijua vizuri kwa nini siandiki. Ningeandika kwamba mkebe wangu, sheria zangu tatu, kila kitu nilichojivunia, ndicho kilichomwangusha yule mama. Niliona haya.

Badala yake nilikwenda Lumino. Daktari alikuwa amesema mama hawezi kupasuliwa, moyo ni dhaifu, wakamrudisha nyumbani. Na huko kulikuwa na jambo lingine. Wandera alikuwa amemshika mama mkwe wake, amemnyanyua mwilini, na wazee wa ukoo wakasema ndoa haiwezi kwenda mbele mpaka ifanyike kazi ya kusafisha. Mimi si Msamia, sitajifanya naijua kazi hiyo yote. Waliloniambia ni kwamba mama mwenyewe lazima awepo, akiwa amekaa, aseme kwa mdomo wake kwamba amesamehe. Akiwa amelala haifai, maana kulala ni kwa mgonjwa na maiti. Mama hakuweza tena kukaa.

Basi kila Jumamosi nilikwenda kumkalisha. Nilipanga mito, nilikunja magunia, nilimfundisha Nabwire jinsi ya kumgeuza asipate vidonda. Nilitumia kila nilichofundishwa na Bwana Owor. Tulifika hatua ya kuinua mgongo kwa mito mitatu, kisha nyonga inauma, anatoka jasho, tunashusha.

"Mwalimu, leo tutakaa?" aliniuliza kila nikiingia.

"Tutajaribu, mama."

Jumamosi ya pili, nilipokuwa nampaka mafuta mgongoni, akasema, "Ule kijana hana makosa. Mimi nilisimama mwenyewe. Wewe unajua kuandika. Andika hiyo."

"Nitaandika, mama."

"Andika leo."

Siku zile kumi na nne zilikuwa zimebaki mbili. Nilirudi nyumbani nikakaa mezani, nikaandika tarehe na salamu, nikaiacha karatasi hapo. Kwenda Lumino kulikuwa rahisi. Kule nilikuwa mtaalamu, watu wananiletea kiti na kunishukuru. Kwenye karatasi nisingekuwa mtaalamu. Ninyi mnaosoma, mkiona mnamhangaikia mtu sana kwa mikono baada ya kumkosea, jiulizeni kuna barua gani hamjaiandika.

Mama Nabwire alikufa kabla mvua hazijakwisha, amelala. Siku ya mazishi Wandera alisimama nje ya ua, na hakuna aliyemkaribisha ndani, maana hakuwa mkwe wala hakuwa mgeni. Nilimwona. Yeye pia aliniona. Nilipitia upande mwingine.

Wiki ile niliandika barua, kurasa tatu, nikaeleza yote. Jibu la chuo lilikuwa mistari miwili: muda wa rufaa umepita, na mwanafunzi alipewa nafasi ya kurudia mafunzo lakini hakurudi. Nabwire aliolewa kwingine.

Mkebe niliuweka kwenye rafu. Baada ya hapo nilimpa kila mwanafunzi dakika mbili za kuongea nami mlangoni kabla ya kumwendea mgonjwa, hata kama hana la kusema. Wengi walizitumia kuniambia hawajanywa chai. Mmoja aliniambia mgonjwa aliyepangiwa ndiye aliyemgonga kaka yake kwa pikipiki, nikambadilishia. Wauguzaji nikaacha wakae. Haya mliyakuta mkadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Nilipokwisha kurudisha funguo sikuwa na kisingizio tena. Nilikwenda Busia, nikavuka mpaka kwa miguu, goti langu la kulia likinisumbua njia nzima. Mnaijua ile kazi ya walemavu pale mpakani, wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu, wanazisukuma kwa mikono. Nilikuwa nimesikia kwamba anayezitengeneza ni Wandera. Nilimkuta chini ya mabati, ameweka kiti cha mtu juu ya benchi, anapima kwa kamba kutoka nyonga ya mwenye kiti hadi goti, ndipo anakata sponji. Hakuna fundi wa baiskeli anayepima hivyo.

Amenenepa kidogo. Viganja ni vile vile.

"Madam," akasema. Alifuta mikono kwa tambara, akanivutia kigoda. "Karibu sana. Kaa."

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Tororo. Yalitoka machache. "Wandera, nilikuandikia vibaya."

"Hapana." Alirudi kukaza nati. "Nilisita, na mama akaanguka. Ungeandika nini kingine? Ile alama ulipatia, Madam. Ulikosea asubuhi."

Mteja wake, kijana aliyepooza miguu aliyekaa kwenye gunia akingoja kiti chake, alitutazama mmoja baada ya mwingine. Nilianza kulia na sikuona haya ya mtu.

"Niliandika barua," nikasema. "Ilichelewa."

"Nilisikia."

"Mbona hukurudi kurudia?"

"Kurudi wapi, Madam? Kwa ule mkebe?" Hakusema kwa ukali. Alikifunga kiti kwenye baiskeli ya yule kijana, akamsaidia kupanda, akampiga bega. Tulimtazama akijisukuma kuelekea Uganda. Kisha Wandera akageuka akanitazama miguu.

"Hiyo goti inakusumbua tangu lini?"

"Kitambo."

"Tembea mpaka kwa ile nguzo, urudi."

Nilikwenda nikarudi. Nilijua anatazama nini, maana nilimfundisha mimi: kisigino kinavyotua, kiuno kinavyoinama, mkono upi hauchezi. Alitikisa kichwa, akaniambia nimelihurumia goti hilo sana na nimelilemeza lile lingine. Akanikalisha, akapiga goti mbele yangu pale kwenye mavumbi na mafuta ya cheni. Mikono yake ilikuja mbele, ikasimama hewani, kiasi cha shibiri moja kutoka gotini pangu.

"Kabla sijakushika, Madam," akasema. "Kuna kitu ninafaa kujua?"

Nilitaka kumjibu hakuna. Nikaitazama ile mikono yake. Yeye hakuniharakisha. Alingoja, na mikono yake ikakaa pale pale hewani mpaka nilipomjibu.